Mahindi Yaliyoitambua Serikali

Nchi hii haipo. Anayetaka kuitafuta kwenye ramani atachosha macho yake bure, na anayedhani ameiona mtaani kwao afunge dirisha, maana huenda ni vumbi tu. Inaitwa Jamhuri ya Shibe, na watu wake wamezoea kuambiwa kwamba wameshiba.

Rangi ya taifa la Shibe ni waridi. Wanahistoria wa serikali wanasema hiyo ndiyo rangi ya alfajiri ya uhuru. Wazee wanaokumbuka wanasema siku ya uhuru ghala la serikali lilikuwa na rangi ya aina moja tu, masalio ya ile iliyopakwa wodi ya wazazi, na bendera ilibidi iwe tayari kabla wageni hawajafika. Wazee hao hawaalikwi tena kwenye sherehe.

Mkuu wa nchi anaitwa Mlishi Mkuu. Hakuna anayekula bila yeye, na hiyo ni sheria. Mahindi yakikauka shambani, hakuna ruhusa ya kuvunja hata moja mpaka Mlishi Mkuu avunje Hindi la Kwanza mbele ya kamera na bendi ya polisi. Yakishavunwa, kila nyumba hupeleka mahindi yake kwenye Ghala la Umoja la mkoa, yakamwagwa lundo moja, yakakorogwa kwa Mwiko wa Taifa, kisha kila mtu akapimiwa kiasi kile kile alicholeta. Siku hiyo inaitwa Mseto. Mwasisi wa taifa aliianzisha ili pasiwe na jirani wa kumringia mwenzake kwamba mahindi yake ni mazuri zaidi. Na kweli, tangu hapo hakuna aliyekula mahindi yake mwenyewe, na hakuna aliyeringa.

Mwiko wa Taifa wa mkoa wa Magunzi ulikuwa mikononi mwa Bwana Kalumbete. Ulikuwa mwiko hasa, wa mti wa mninga, mrefu kumshinda yeye mara mbili, na kuuinua kulitaka mtu mwenye mgongo. Mgongo alikuwa nao, lakini kilichompa kazi ni mdomo. Akishika kipaza sauti msibani, wafiwa walijikuta wanapiga makofi. Daraja la Magunzi lilipozolewa na mto, yeye ndiye aliyewaeleza wananchi kwamba daraja halijapotea, limetangulia. Hakuwa mtu mbaya. Alizipenda tu sentensi zake, kama wengine wanavyopenda njiwa, na hakuwahi kufuatilia zilikotua.

*

Mwaka huo mahindi yalikauka mapema na Mlishi Mkuu hakuwepo. Alikuwa ng'ambo akipokea nishani ya kilimo bora. Baada ya nishani alitazamwa goti, na baada ya goti palikuwa na nishani nyingine, na si adabu kukataa nishani ya mtu ukiwa nyumbani kwake. Magunzi wakasubiri. Kila asubuhi watu walikwenda kuyatazama mashamba yao, mikono nyuma, kama sheria ilivyoshauri. Kunguru na ngedere, ambao hawasikilizi redio, walivuna. Kisha mvua iliyokwisha kuaga ikarudi. Ikanyesha juu ya mahindi makavu mpaka maganda yakalowa, na ndani ya maganda kitu laini kikaanza kuota kimya kimya.

Mchana mmoja Bwana Kalumbete alirudi nyumbani akakuta viti vya wageni vimesukumwa ukutani. Sebule nzima ilikuwa imetandikwa turubai, na juu ya turubai yametandazwa mahindi meupe, makavu, yanayolia chakacha yakiguswa. Mkewe, Bi Sikitu, alikuwa akiyageuza kwa mguu. Binti yao Mwazani alisimama dirishani na mwanawe Masika kiunoni.

"Mama Mwazani, hii ni nini?"

"Mahindi."

"Naona ni mahindi. Yanafanya nini kwenye nafasi ya wageni?"

"Yanakauka."

"Hindi la Kwanza halijavunjwa."

"Haya si ya kwanza," alisema Bi Sikitu. "La kwanza nililigusa kwa kiwiko likaanguka lenyewe. Haya ni ya pili na kuendelea."

"Kuna sheria, mama."

"Sheria haina meno, Masika anayo mawili. Mwezi ujao anaanza uji. Mimi sitamkorogea mjukuu wangu mahindi yaliyonyeshewa eti kwa sababu goti la mtu linatazamwa."

Bwana Kalumbete akamtazama Masika, na Masika akamchekea kwa meno yake yote mawili. Basi akapita pembeni ya turubai kwa ncha za vidole, akaenda kula jikoni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaamua kwamba kuna jambo hajaliona.

*

Hatimaye Mlishi Mkuu alirudi, nishani zikigongana kifuani kama vijiko. Jukwaa likajengwa katikati ya shamba la mfano. Mabalozi wakaketi, bendi ikapiga, ng'ombe wa maonyesho akafungwa utepe shingoni. Mlishi Mkuu akalishika Hindi la Kwanza, akalivunja, akalimenya mbele ya kamera, akaliinua juu.

Nusu ya hindi ilikuwa ya waridi. Wala si punje zilizokuwa na rangi hiyo, ni manyoya: ukungu mzito uliotambaa kutoka nchani mpaka katikati, na harufu yake ikashuka jukwaani hadi kwenye safu ya mabalozi. Tarumbeta moja ikanyamaza, nyingine zikafuata. Mlishi Mkuu akalitazama hindi, kisha akamtazama Gavana wa Magunzi, Mheshimiwa Pangamawe. Gavana akamtazama Bwana Kalumbete. Bwana Kalumbete akageuka amtazame aliye chini yake, akakuta ni yule ng'ombe.

Neno lilikuwa limemjia. Lilikuwa limemjia kila mtu pale jukwaani, na ni neno fupi ambalo mtoto yeyote wa mkulima analijua. Bwana Kalumbete alilisikia likipanda kooni. Akalimeza, akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mlishi Mkuu," alianza, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyotulia, "macho yetu yameona ambayo mababu hawakuyaona. Watu kuipenda serikali tumezoea. Leo mahindi yenyewe yameitambua serikali. Yamevaa rangi ya taifa kwa hiari yao, bila kusukumwa, bila hata kugawiwa fulana."

Makofi yakaanzia kwa mabalozi, ambao walikuwa hawajatafsiriwa bado. Mlishi Mkuu akatabasamu. Hapo ndipo mtu mwenye busara angeketi, lakini ulimi huponza kichwa, na wa Bwana Kalumbete ulikwisha kupata moto. Akaongeza, ili hotuba isiishie njiani: "Na hindi lolote litakalobaki jeupe kuanzia leo, ndugu wananchi, tulitazame kwa jicho la wasiwasi, pamoja na aliyelilima."

Kufikia jioni ilikuwa sheria, na ikaitwa Sheria ya Kalumbete. Ilisema kwamba mahindi ya waridi ni ya kizalendo, na mahindi meupe ni ya uhaini na yasichanganywe kamwe na ya wananchi wema. Methali ya samaki mmoja akioza ikafutwa vitabuni, kwa sababu ilikuwa na neno lile ndani yake.

*

"Hongera," alisema Bi Sikitu akiwa amempa mgongo. "Nasikia umekuwa sheria."

Bwana Kalumbete alikaa kwenye kigoda akavua viatu taratibu. Alipendekeza kwamba labda mahindi ya sebuleni yarushiwe maji kidogo, yafunikwe, yapate japo rangi ya kumridhisha mkaguzi.

"Unataka nikiharibu chakula cha mtoto ili wewe uendelee kushika mwiko?"

"Nataka tuvuke salama, mama."

"Basi vuka," alisema mkewe. "Mimi na Masika tutakuangalia ukiwa ng'ambo."

Kwa desturi, siku ya Mseto nyumba ya Mshika Mwiko humwaga mahindi kwanza, kwa ngoma na vigelegele. Bwana Kalumbete alikuwa juu ya jukwaa la ghala, mwiko begani, jasho likimtiririka, Bi Sikitu alipoingia na mkokoteni wake. Mkaguzi akafungua gunia la kwanza akachota. Yalikuwa meupe kama meno. Akafungua la pili. Ngoma zikakoma.

Kesi ilisikilizwa siku hiyo hiyo. Hakimu Nyangoma, mama mwenye miwani mizito na sauti ya kuchoka, akamuuliza mshtakiwa kama ana la kusema.

"Mheshimiwa, mahindi haya nimeyakausha kwa ajili ya mtoto anayeanza uji," alisema Bi Sikitu, na sasa hakuwa na mzaha. "Kama ni kosa nifungeni mimi. Ila mtoto ale."

Hakimu akaigeuza sheria huku na huku. Ilikuwa imeandikwa kwa haraka ya kumpendeza mtu, na walioiandika walikuwa wamesahau kuweka adhabu. Ilichosema ni kwamba mahindi ya mhaini yasichanganywe na ya ghala. Akakohoa, akahukumu kwa hicho alichonacho: mhaini atakula mahindi yake mwenyewe, yeye na wote wa chungu chake, mpaka mavuno mengine, na ni marufuku kwao kuonja hata punje moja ya Ghala la Umoja.

Bi Sikitu akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Watu wakamwonea huruma. Mwazani, aliyekaa karibu naye, ndiye pekee aliyejua kama mama yake analia au anacheka, naye hakusema.

Sheria haikumruhusu mzalendo kula chungu kimoja na mhaini. Bwana Kalumbete akahamishia godoro lake kwenye chumba cha ofisi pale ghalani. Dirisha lake lilitazama mtaani kwake, na kila alasiri aliuona moshi wa jiko lake mwenyewe ukipanda bila yeye.

*

Mahindi ya waridi yakaliwa, na haikupita wiki Magunzi yote ikawa inatapika. Redio ikaeleza kwamba hali hiyo inaitwa shangwe ya tumbo: tumbo likishiba kupita kiasi, hushangilia. Zahanati zikaagizwa zitumie jina hilo na si jingine. Waliokuja wamebebwa wakaambiwa hongera.

Gavana Pangamawe alikuwa na banda la nguruwe, nao wakapelekewa mahindi ya ghala. Nguruwe ni mnyama asiyechagua, lakini hao walinusa, wakarudi nyuma, wakalala na njaa. Wataalamu wakachunguza, wakatoa taarifa kwamba nguruwe wale ni wa mbegu ya kigeni na hawajaiva kiitikadi. Bwana Kalumbete akatumwa kuwahutubia. Alisimama bandani akazungumza kwa ufasaha kabisa juu ya umoja, na wahudumu wawili walifuta machozi. Nguruwe hawakula.

Yote hayo yalikuwa ya kuchekesha mpaka mtoto wa Mdoe alipofariki. Mdoe alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na mwanawe na Masika walizaliwa msimu mmoja, wakaanza uji mwezi mmoja. Redio haikulitaja jambo hilo. Kaburini Bwana Kalumbete alipewa kipaza sauti kama kawaida, akakishika. Akasema "Poleni," akakirudisha. Njiani alipishana na Mwazani amembeba Masika, mnene, mashavu yanang'aa, anatafuna pindo la kanga ya mama yake. Moyo wake ulijaa furaha, na papo hapo akaona haya kwa furaha hiyo, kwa kuwa udongo wa kaburi la mwenzake Masika ulikuwa bado kwenye viatu vyake.

*

Watu wa Magunzi huambiwa mengi, lakini macho wanayo. Waliona kwamba wazalendo wanakonda na wahaini wananenepa. Wa kwanza kufika mahakamani alikuwa Mdoe mwenyewe, na mkewe, na watoto waliobaki.

"Nimekuja kukiri," alisema.

"Kosa gani?" akauliza Hakimu Nyangoma.

"Lolote lililo karibu, Mheshimiwa."

Baada yake foleni ikaizunguka mahakama. Mwalimu mkuu alikiri kuota ndoto nyeupe. Wazee wawili walikiri kwamba walipanga kuuiba mlima, ila walishindwa kukubaliana nani abebe nyuma. Kwaya ya mtaa wa sokoni ilikiri kwa sauti nne. Wote wakapatikana na hatia, na kwa kuwa wengi hawakuwa na mahindi meupe, Hakimu akaamua kwamba mhaini asiye nayo atakula kwa mhaini aliye nayo, na atamlimia.

Wenye nayo zaidi walikuwa watu wa milimani. Kule redio haishiki, kwa hiyo walikuwa wamevuna zamani, jua likiwa kali, bila kujua kwamba wanakosea. Walipoambiwa kuwa wao ni wahaini waliomba neno hilo lirudiwe, kisha wakauliza kama linaliwa. Vihenge vyao vilikuwa vimejaa, na watu wa bondeni wakapanda mlima na majembe begani, kutumikia adhabu kwa bidii ambayo Shibe haijapata kuiona.

Siku moja saa sita, jua la utosi, watu wakiwa ndani, mtu aliyejitanda kanga ya mkewe aligonga dirisha la Bwana Kalumbete. Alipojifunua alikuwa Mheshimiwa Gavana Pangamawe, shati likimpwaya.

"Kalumbete ndugu yangu, nishtaki."

"Mheshimiwa?"

"Nishtaki uhaini. Nikijipeleka mwenyewe itaonekana najipendelea." Akashika nondo za dirisha. "Wale nguruwe, Kalumbete. Wale nguruwe walinizidi akili, na mimi nimesoma."

Bwana Kalumbete akamshtaki. Gavana akahukumiwa kula kwa Bi Sikitu, ambako alipewa kazi ya kutwanga, na inasemekana alitwanga vizuri.

*

Basi ikafika siku ambayo Magunzi nzima alibaki mzalendo mmoja. Bwana Kalumbete alikuwa akiishi kwa mapapai, na kwa punje alizozichagua moja moja kutoka kwenye lundo akizigeuza juani. Mkanda wake ulikuwa umekwisha matundu. Maji yalikuwa yamezidi unga, naye akavaa koti, akaenda mahakamani.

"Na mimi nakiri," alisema.

Hakimu Nyangoma alikuwa amejihukumu mwenyewe siku chache nyuma, mbele ya kioo, baada ya kujipa nafasi ya kujitetea. Alivua miwani akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe siwezi, Bwana Kalumbete. Sheria hii ina jina lako. Wewe ukiwa mhaini, itakuwa imetungwa na mhaini, na sheria ya mhaini ni batili. Ikianguka, hukumu zote zinaanguka. Wote hawa wanakuwa wazalendo tena, na mzalendo hula wapi?"

"Ghalani," alisema Bwana Kalumbete.

"Wote. Na yule mjukuu wako." Hakimu akavaa miwani yake. "Itabidi uendelee kuwa mzalendo, bwana. Kwa niaba yetu."

Jioni hiyo Bi Sikitu alikuja kwenye uzio wa ghala. Walinzi, ambao nao walikuwa wahaini wa kwenye chungu chake, wakageukia upande wa pili.

"Unakula nini?" aliuliza.

"Uzalendo."

"Naona. Hata masikio yamekonda." Akasogea karibu zaidi. "Rudi nyumbani, Baba Mwazani."

"Nikirudi, Masika anarudi kwenye lundo."

Bi Sikitu akashika waya wa uzio kwa vidole viwili, karibu na pale alipokuwa ameshika mumewe. Hakuwa mwanamke wa kulia ovyo, na sasa kanga ilikuwa mabegani, haikumficha.

"Sentensi moja ndiyo iliyotufikisha hapa," alisema. "Tafuta nyingine. Wewe si una maneno?"

*

Habari zilimfikia Mlishi Mkuu kwamba Magunzi kuna lundo la mahindi lisilopungua. Akaona hiyo ndiyo shibe yenyewe, akaja kuiadhimisha. Majukwaa mawili yakajengwa, la wazalendo ndani ya uzio wa ghala na la wahaini nje yake. Jukwaa la wahaini lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye miti. Kwenye jukwaa la wazalendo palikuwa na kiti kimoja, na mbele ya kiti meza, na juu ya meza sinia la ugali wa waridi unaofuka moshi. Nyuma yake lilisimama lundo lenyewe, na mwiko umechomekwa kileleni.

"Mzalendo ale," aliagiza Mlishi Mkuu, "taifa lione."

Bwana Kalumbete akautazama ugali. Akalitafuta jukwaa la pili kwa macho mpaka akampata Masika, mgongoni kwa Mwazani, amelala. Asipokula, amekuwa mhaini na sheria imeanguka. Akila, kesho ataletewa sinia jingine, na keshokutwa jingine, mpaka siku atakayoshindwa, na hapo itaanguka vilevile. Akaomba kipaza sauti, kisha akainuka, akalibeba sinia kwa mikono miwili, akaenda kupiga magoti mbele ya Mlishi Mkuu.

"Mheshimiwa, mimi ni nani hata nitangulie? Hapa Magunzi, hata pombe ya jirani, mwenye chungu huonja kwanza mbele ya mgeni, kutoa uchawi. Ndivyo tulivyolelewa. Chakula hiki si changu, ni chako. Wewe ndiye Mlishi, mimi ni mgeni wako tu. Karibu utuonjee."

Mnong'ono wa kuridhika ukapita katika umati, maana mila ni mila na hakuna aliyepata kusikia mwenyeji akiikataa. Bendi, kwa nia njema, ikapiga wimbo wa karamu. Mlishi Mkuu akanawa. Akamega tonge. Akalifinyanga, akalichovya kwenye mchuzi, akalifinyanga tena, mpaka likawa duara kama gololi. Kamera zikasogea. Akalipandisha mpaka karibu na pua, na hapo mkono ukasimama.

Akalirudisha tonge siniani.

"Ndugu wananchi," alisema, "kabla sijaonja, dhamiri inanisuta. Nami nakiri. Kule ng'ambo nilikula mkate mweupe. Mara nyingi."

"Mhaini," alisema Hakimu Nyangoma kwa mazoea, ndipo akakumbuka anasema na nani. Lakini neno likishatoka mahakamani halirudi. Mlishi Mkuu akaondolewa ghalani kwa heshima zote, akaketishwa kwenye jukwaa la pili kati ya kwaya na wezi wa mlima, ambao walimsogezea nafasi. Mhaini haruhusiwi kugusa mali ya ghala, na wote waliokuwepo pale walikuwa wahaini, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa bado amepiga magoti.

Bwana Kalumbete akainuka, akafuta magoti.

"Leteni mafuta ya taa," alisema. "Na kiberiti."

Agizo la mzalendo pekee lilikuwa agizo la serikali. Mafuta yakaletwa. Alizunguka lundo lote akimwaga, bila haraka, akauchomoa ule mwiko na kuuweka mbali kwa sababu alikuwa ameupenda, kisha akawasha. Moto ukapanda kwa moshi mzito wenye harufu ya kisima kilichoachwa.

"Sababu!" Hakimu Nyangoma alimkimbilia na kipaza sauti. "Toa sababu, bwana. Shibe hakuna jambo linalofanyika bila hotuba."

Umati ukatulia. Walijua ni nani anayesema, wakajipanga kwa ajili ya sentensi ndefu.

"Yameoza," alisema Bwana Kalumbete, akarudisha kipaza sauti.

Hapakuwa na makofi. Watu waliokuwa tayari kukiri kuiba mlima hawakuwahi kuthubutu kulisema hilo, na sasa lilikuwa limesemwa, na mbingu ilikuwa mahali pake. Kisha Mdoe fundi cherehani akasimama katikati ya jukwaa lake, macho chini, akasema taratibu, kama anayemweleza mtu mmoja tu, "Yalikuwa yameoza." Akaketi. Mkewe akamshika mkono.

Hakimu alikuwa wa kwanza kuona kilichotokea. Aliyesema hivyo si mzalendo tena, akatangaza, kwa hiyo Sheria ya Kalumbete imeanguka, kwa hiyo wote wameachiwa huru na wanaweza kurudi kula ghalani. Wote wakageuka kulitazama ghala. Lilikuwa majivu.

Mlishi Mkuu, aliyekuwa mzalendo tena tangu dakika ile, akakung'uta koti lake, akachukua kipaza sauti, akajishukuru kwa kuamuru mahindi mabovu yachomwe. Baada ya hapo akauliza ni nani huyo aliyethubutu kuchoma mali ya taifa. Bwana Kalumbete akanyoosha mkono. Akahukumiwa palepale, na kwa kuwa mahakama ilikwisha kuzoea adhabu moja tu, akapewa hiyo hiyo: kula chungu cha mkewe, maisha. Gavana Pangamawe akaomba aunganishwe naye kwenye hukumu. Ombi likakataliwa, akaambiwa akalime.

*

Nyumbani Bi Sikitu alipakua ugali mweupe na mchicha, akaweka sinia kati yao. Akamega tonge, akala kwanza yeye, kutoa uchawi. Kisha akalisukuma sinia kwa mumewe, naye akala kama mtu aliyesahau kwamba kuna watu.

"Neno lile," alisema Bi Sikitu baada ya muda, "ungelisema siku ya Hindi la Kwanza, mtoto wa Mdoe angekuwa anatambaa."

Bwana Kalumbete akaacha kutafuna. "Lilinijia," alisema.

"Ikawaje?"

"Lilikuwa fupi mno, Mama Mwazani. Halikutosha hotuba."

Bi Sikitu hakucheka, wala mumewe hakutegemea acheke. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza kwamba Mlishi Mkuu ametunukiwa nishani ya kupambana na ukungu na ataondoka wiki hiyo kwenda kuipokea. Nyuma ya nyumba mahindi mapya yalikuwa yameshatoa mbelewele. Bi Sikitu akayatazama mahindi, kisha akamtazama mumewe.

"Yakikauka," alisema Bwana Kalumbete bila kuinua kichwa, "tuvune."

Mkewe akaenda jikoni, akarudi na Masika mkono mmoja na kikombe cha uji mkono mwingine, akamkalisha mtoto mapajani mwa babu yake. Masika akafungua mdomo, meno sasa yakiwa manne. Bwana Kalumbete akachota kijiko, akapuliza, akaonja kwanza yeye mwenyewe, akangoja kidogo, ndipo akampa.